Ukiitwa Kuketi na Familia Iliyogombana

Siku itafika utapigiwa simu. Huenda wewe ni mchungaji, shehe wa mtaa, mwalimu wa malezi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au shangazi tu ambaye ukoo mzima humkimbilia. Utaambiwa, "Njoo utusaidie, nyumba haikaliki." Mume na mke hawasemeshani. Au kijana ameacha shule na anamjibu baba yake ovyo. Au kuna ndugu aliyetoka hospitali ya magonjwa ya akili, analala chumba cha uani, na hakuna anayejua azungumze naye vipi. Wataalamu wa tiba ya familia wapo Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na kwingineko, lakini ni wachache, na familia nyingi hazifiki kwao. Zinafika kwako. Nimekuandikia wewe mwongozo huu, na unasimama juu ya jambo moja ninaloliamini kwa dhati: kikao cha familia hufaulu au huharibika kwa namna unavyompokea yule ambaye wenzake wote wamekuja kumshtaki.

Usijidharau kwa sababu huna cheti. Huko Eldoret, watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walianzisha mpango uitwao Tuko Pamoja. Walitafuta watu ambao majirani tayari walikuwa wakiwaendea kwa ushauri, wakawafunza stadi za tiba ya familia, kisha wakawasimamia walipokutana na familia zenye vijana katika mitaa yao wenyewe. Familia zilizopita mikononi mwao zilionyesha nafuu katika ndoa, katika uhusiano wa wazazi na watoto, na katika hali ya vijana. Kwa hiyo kazi hii inafundishika, na mtu wa kawaida aweza kuifanya vizuri. Lakini pia yaweza kufanywa vibaya, na mara nyingi huharibiwa na watu wenye nia njema kabisa.

Kabla hujaingia mlangoni

Ukishaitwa, uliza ni nani aliyekuita na ni nani hajui kwamba umeitwa. Aliyekupigia simu amekwisha kukupa upande wake, tena ametia chumvi kidogo hata kama hakukusudia. Yule mwingine akikuona unaingia, atahesabu kwamba wewe ni wakili wa mwenzake. Mpigie na yeye, au mfuate alipo, siku moja au mbili kabla ya kikao. Usimhoji. Mwambie: "Nimeombwa nije niketi nanyi. Nimesikia ya upande mmoja, na sipendi kuingia nyumbani kwenu kabla sijaisikia sauti yako. Tukikaa, ungependa tuzungumze nini?" Kijana wa miaka 16 aliyezoea kuitwa kwenye vikao vya kusemwa huenda hajawahi kuulizwa swali hilo maishani mwake. Hata akijibu "Sijui tu," ameshajua kwamba anayekuja si hakimu.

Fikiria pia nani anaweza kuketi na nani. Kuna jamii zetu ambako mwanamume na mama mkwe wake hawaketi wakatazamana, na ambako mke hawezi kutoa malalamiko mbele ya baba wa mumewe. Ukiwarundika wote sebuleni utapata heshima nyingi na ukweli haba. Kaa nao kwa mafungu kwanza, kisha waite pamoja wale wanaoweza kusemeshana bila kuvunjiana adabu. Nao wenye utani wape nafasi yao: bibi anaweza kumwambia mjukuu, tena kwa kicheko, jambo ambalo baba yake akilisema litageuka vita. Katika nyumba nyingi bibi ndiye mshauri wa kwanza, wewe ni wa pili.

Mahali pawe pa faragha, pasiwe barazani ambako jirani anasikia kila neno. Runinga izimwe. Simu yako pia.

Salamu ni sehemu ya tiba

Salvador Minuchin, daktari mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi na familia maskini mjini New York na baadaye Philadelphia, alifundisha kwamba mshauri hujiunga na familia kwanza, akafuata mpangilio wake na namna yake ya kusema, na kwamba ruhusa ya kubadili chochote huipata baada ya hapo. Aliyaeleza mafundisho hayo katika kitabu chake cha mwaka 1974. Kwetu mlango wa kujiunga huko upo tayari, nao ni salamu. Usizipitie mbiombio ili ufike kwenye "ajenda". Msalimie kila mmoja kwa nafasi yake, mtoto mdogo naye kwa jina lake. Mzee mpe shikamoo yake hata kama ndiye anayelalamikiwa na wote. Hapo ndipo anapoihitaji zaidi.

Kisha omba ruhusa mbele ya wote. "Mzee, hii ni nyumba yako. Naomba unikubalie niwaulize wote, mpaka huyu mdogo, na kila mmoja aseme kama anavyoona." Mara chache sana utakataliwa. Na baba akishakubali hadharani, mdomo wa mtoto umefunguka bila baba kuvunjiwa heshima. Amefungua yeye mwenyewe.

Sasa mgeukie yule mshtakiwa, uzungumze naye juu ya kitu ambacho hakihusiani na kesi. Kama ni kijana anayetengeneza simu za watu pale kituoni, muulize alijifunzia wapi, kioo kinabandikwaje, wateja wanalipa vizuri? Sikiliza kwa kutaka kujua kweli. Watu waliozoea kulaumiwa wana masikio makali ya kutambua uchangamfu wa bandia, na ukiigiza utakuwa umewathibitishia kwamba hata wewe huwapendi. Ukiona huna lolote unalolipenda kwa mtu huyo, endelea kuuliza mpaka ulipate. Lipo. Baba mlevi anayepiga kelele kila usiku huenda ndiye anayemwamsha binti wa mwisho na kumfunga nywele kabla ya shule. Hilo likisemwa kwa sauti mbele ya wote, chumba kizima hubadilika, kwa sababu baba huyo alikuja amejiandaa kupigana na sasa hana wa kupigana naye.

Hapa pana hatari ambayo haimpati anayemshauri mtu mmoja. Ukicheka na kijana, baba yake anaona. Ukimshika mama mkono anapolia, mume anasoma kwamba umeshaamua. Ukunjufu unaoonyeshwa mmoja mbele ya wengine huweza kuonekana kama kuchagua upande. Ivan Boszormenyi-Nagy, daktari mwenye asili ya Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alishauri kwamba mshauri asijitahidi kusimama mbali na wote, bali awe upande wa kila mmoja kwa zamu, hata upande wa ambaye hayupo chumbani. Mimi naona ushauri huo unatufaa sana. Ukimaliza kumsikiliza mke anavyochoka, usihamie kwenye jambo jingine kabla hujamgeukia mume: "Na wewe, Bwana, ukirudi umechoka ukakuta nyumba imenuna, unakuwaje?" Zamu isicheleweshwe mpaka ukadhaniwa umesahau. Na kama kuna mke mwenza, mjomba au kaka anayetajwatajwa kwa ubaya na hayupo, muweke naye: "Angekuwa hapa, yeye angesemaje?"

Mawaidha yasubiri

Kosa kubwa la sisi tunaoitwa kusuluhisha ni kufundisha mapema. Tumelelewa hivyo. Mtu akiitwa kwenye kikao huona aibu kuondoka bila kutoa nasaha, na familia nayo hungoja nasaha hizo, kisha huzisahau kabla vikombe vya chai havijaoshwa. Mwaka 1985 Gerald Patterson na Marion Forgatch, watafiti wa Oregon, Marekani, walichapisha uchunguzi wa vikao vya ushauri na akina mama wenye watoto wasumbufu. Waliangalia mshauri alifanya nini na mama alijibu nini papo hapo. Mshauri alipofundisha au alipomkabili mama na makosa yake, upinzani wa mama ulipanda. Alipomuunga mkono na kumrahisishia kusema, ulishuka. Mafundisho yaliyotolewa kwa nia njema ndiyo yaliyomfunga mtu masikio.

Hii haimaanishi kwamba usifundishe kamwe. Aya uliyonayo, methali uliyorithi kwa babu yako, uzoefu wa ndoa ya miaka mingi, vyote vina siku yake. Siku hiyo ni pale utakapoulizwa, au utakapoona mtu amekwisha kusema la moyoni mpaka amefika mwisho, anakutazama anangoja. Kabla ya hapo, kila unapohisi hamu ya kusema "Mnatakiwa m...", ibadili iwe swali.

Kuna swali moja linalofanya kazi karibu kila mahali. Mtu akitaja tabia, muulize tukio. Baba anasema, "Huyu mtoto ana kiburi." Usimuulize kijana, "Kwa nini una kiburi?" Ukiuliza hivyo umeshahukumu. Muulize baba:

"Jana alifanya nini ukaona hiki ndicho kiburi?"

"Alirudi saa sita usiku. Namuuliza alikuwa wapi, ananipita kama nguzo."

"Wewe ulikuwa wapi muda huo?"

"Nilikuwa hapo kwenye kiti. Toka saa tatu."

"Saa tatu nzima umekaa kwenye kiti. Ulikuwa unawaza nini?"

Baba atanyamaza. Usimjazie jibu. Kisha, akipata ujasiri, atasema kwamba wiki iliyopita kijana wa jirani aligongwa na lori akiwa kwenye bodaboda usiku. Sasa mgeukie mwana: "Ulijua kwamba baba alikuwa anakusubiri kwa hofu?" Mara nyingi hakujua. Alichokiona yeye ni sura iliyokunjwa na kiti kilichogeuziwa mlango. Baba na mwana wameishi nyumba moja, mmoja anaogopa na mwenzake anadhani amechukiwa. Huwezi kulifikia neno hili kwa mawaidha. Utalifikia kwa kuuliza tukio dogo mpaka chini yake.

Kuwafanya wasemeshane wao kwa wao

Angalia watu wanaelekeza macho wapi. Katika kikao cha wazee kila mmoja humsemea mwenzake kwa mkubwa: "Mwambie huyu...", "Muulize mwenyewe kama nasema uongo." Ukiacha iende hivyo, utatoka umesikia yote na wao hawajasemeshana neno. Pale inapowezekana kwa adabu ya nyumba hiyo, geuza: "Hilo ulilosema ni zito, na si mimi ninayelihitaji. Mgeukie mwenzako umwambie kama ulivyoniambia mimi." Kisha nyamaza wewe, sogeza kiti nyuma kidogo, tazama chini. Kunyamaza kwako ndiko kunakowapa nafasi. Wakirudi kukutazama, waoneshe kwa mkono waendelee.

Lakini si kila mtu anaweza kumgeukia mwenzake. Mtoto hawezi kumwambia baba yake "wewe uliniumiza" na akalala kwa amani. Binti aliyeolewa hawezi kumkosoa mama mkwe uso kwa uso. Hapa kuna ufundi wa kikundi cha Mara Selvini Palazzoli na wenzake wa Milan, Italia, ambao mwaka 1980 walieleza namna ya kuuliza kwa kuzunguka: unamuuliza mtu wa tatu kuhusu wawili. Muulize mtoto, "Mama akinyamaza, baba hufanya nini? Na baba akitoka, nani humfuata mama chumbani?" Mtoto hamshtaki mtu yeyote, anaeleza tu anachokiona kila siku, na wazazi wanasikia ndoa yao ikisimuliwa na anayeishi ndani yake. Nimeuona uzito wa swali hili kuliko mengine yote. Litumie kwa huruma, na usimfanye mtoto shahidi. Ukiona anaangalia uso wa mzazi mmoja kabla ya kujibu, acha.

Lawama nazo hazifanani. "Hujaosha vyombo toka asubuhi" ni lawama juu ya kitendo, na kitendo kinarekebishika kabla ya magharibi. "Wewe ni mvivu kama ukoo wa mama yako" inamkataa mtu mzima, pamoja na mama yake na bibi yake, na hakuna anachoweza kurekebisha. Ukisikia ya pili, isimamishe kwa upole bila kumuaibisha msemaji: "Ngoja kidogo. Nimesikia umechoka. Niambie ni jambo gani alilolifanya lililokuchosha, uwaache wakwe wapumzike." Halafu umsaidie aseme anachotaka. Wengi wetu tunajua kusema tusichotaka mpaka kesho, ila tukiulizwa tunataka nini tunakwama. "Sitaki dharau" haimwambii mume afanye nini. "Nataka ukichelewa unipigie" inamwambia.

Na sikiliza sauti kuliko maneno. "Haya, sema" inaweza kuwa mwaliko, na inaweza kuwa kisu. Mtu akisema "Mimi nimemsamehe" kwa sauti kavu, usiandike kwamba amesamehe.

Jihadhari na "yameisha"

Kikao chetu cha jadi kina kilele chake: mkosaji anaomba radhi, anayeombwa anakubali, wazee wanashukuru, chai inaletwa. Ni jambo jema, na silibezi. Watu wengi wameokolewa nalo. Lakini mbele ya mzee mwenye mvi watu husema "yameisha" kwa sababu ni utovu wa adabu kusema hayajaisha. Mwanamke hasa hubanwa hapo. Akikataa, yeye ndiye anakuwa mwenye kosa. Basi usimwulize kama yameisha. Uliza: "Kesho asubuhi, nani atakuwa wa kwanza kumsalimia mwenzake? Utajuaje kwamba amekusudia? Fedha ya sokoni itawekwa wapi?" Wakishindwa kujibu, suluhu bado. Afadhali waondoke wakisema, "Tumepatana hili moja tu, mengine tutakaa tena." Patano dogo linalotekelezwa kesho lina faida kuliko msamaha mkubwa wa leo.

Kusema neno gumu

Wapo watakaosoma haya wakadhani nataka washauri laini, wa kutikisa kichwa kwa kila kitu. La. Ukunjufu usioweza kusema kweli ni woga, na familia hulijua hilo haraka, ikakudharau. Baba anayekula ada ya shule kwenye kamari aambiwe. Mama anayemtumia mtoto kama mjumbe wa kumpelekea baba matusi aambiwe. Ila mwenye haki ya kumwambia ni wewe uliyeonyesha kwanza kwamba unamheshimu, na mahali pa kumwambia si mbele ya watoto wake. Mwombe mtoke nje mzunguke nyumba. "Mzee, nimeona unavyowapenda wanao, ndiyo maana nakuambia. Ada ya muhula huu haipo, na mkubwa anajua ilikokwenda. Anakungoja useme mwenyewe." Kisha mpe muda. Mtu akirudi ndani akalisema kwa kinywa chake ameinuka. Akisemewa na wewe ameanguka.

Tofautisha hili na siri. Kuna atakayekupigia usiku akuambie jambo, kisha aseme, "Lakini usimwambie." Toka siku ya kwanza waambie wote kwamba mtu akikuletea neno linalomhusu mwenzake utamsaidia kulisema, hutalibeba kama mzigo wako. Pasipo kanuni hiyo, baada ya wiki mbili utakuwa ghala la siri za nyumba nzima na hutaweza tena kumtazama mtu usoni.

Nyumba yenye mgonjwa wa akili

Hapa ndipo ukunjufu umepimwa kwa kina kuliko popote. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwanasosholojia George Brown na wenzake mjini London walifuatilia wanaume waliotoka hospitali za akili. Waligundua kwamba waliorudi kuishi na wake au wazazi wao waliugua tena zaidi kuliko waliokwenda kupanga chumba au kukaa na ndugu. Wakaanza kuzisikiliza familia zinavyomzungumzia mgonjwa, wakapima lawama, uhasama, na ile hali ya kumbeba mgonjwa kupita kiasi. Wakapima pia ukunjufu, na huo waliupima hasa kwa mlio wa sauti. Matokeo ya mwaka 1972, kisha kazi ya Christine Vaughn na Julian Leff ya mwaka 1976, yalionyesha kwamba mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa mkali wa akili) anayerudi kwenye nyumba yenye lawama nyingi au ulinzi wa kumbana yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kurudiwa. Baadaye Steven López na wenzake walifuatilia familia zenye asili ya Meksiko huko California, wakaona kwamba kwa familia hizo, kukosekana kwa ukunjufu ndiko kulikoashiria kurudi kwa ugonjwa.

Niliseme hili kwa nguvu zote: hakuna hata moja kati ya tafiti hizo inayosema familia ndiyo iliyoleta ugonjwa. Akina mama wamebebeshwa mzigo huo muda mrefu, wakaambiwa wamemroga mtoto au wamemlea vibaya. Familia haikusababisha, lakini inaweza kumsaidia mgonjwa abaki salama, na dawa zake zinaendelea palepale. Lawama nyingi hutokana na kutokujua. Kaka anayesema "Analala mchana kutwa makusudi" akielezwa kwamba ugonjwa wenyewe na baadhi ya dawa huondoa nguvu na hamu ya kufanya kazi, hasira yake hushuka. Hapa kufundisha kunafaa, mradi hujaanza nako. Huo ndio mwelekeo wa mpango uitwao Kuwezeshana Kupata Uzima, kwa kifupi KUPAA, uliojaribiwa Muhimbili jijini Dar es Salaam na hospitali ya rufaa ya Mbeya: wagonjwa na ndugu zao hukutana, wakajifunza juu ya ugonjwa na namna ya kuishi nao pamoja.

Ukiketi na familia kama hiyo, utamwona mama anayemjibia mwanawe wa miaka 30 kila swali. "Amekula vizuri, amelala vizuri, hapendi watu." Usimkemee, miaka mingi amekuwa ndiye pekee aliyesimama. Mshukuru kwa hilo kwanza. Kisha mgeukie mwana, umuulize swali jepesi, na ungoje. Atachelewa kujibu, pengine sana. Ukisubiri bila kuonyesha wasiwasi, mama naye atajifunza kusubiri. Panga naye saa chache kwa wiki ambazo yuko kanisani, sokoni au kwa dada yake, na mwana yuko na mtu mwingine. Mapumziko hayo ni ya wote wawili.

Ndugu aliye mbali

Siku hizi mwenye neno la mwisho katika familia huenda yuko Muscat, Minneapolis au London. Ndiye anayetuma fedha, kwa hiyo anaamuru kwa simu, na hajui kwamba sauti yake ikitoka kwenye spika katikati ya sebule wote hunyamaza. Mpe nafasi, lakini aanze kama wote walivyoanza: amsalimie kila mmoja kwa jina, mpaka watoto, kabla hajaanza kuuliza fedha zilikokwenda. Kazi yako kwake ni kumwuliza yeye naye anaishije huko. Wengi wao hawajaulizwa hivyo na nyumbani kwa miaka.

Usipopaswa kuketi

Kuna vikao ambavyo hutakiwi kuviitisha. Kama kuna kipigo, usimkalishe anayepigwa karibu na anayempiga, ukamtaka aseme yaliyo moyoni, maana atayalipia usiku. Ongea naye peke yake, uhakikishe ana mahali pa kwenda, na mfikishe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi au kwa afisa ustawi wa jamii. Kenya kuna namba 1195 kwa waathirika wa ukatili wa kijinsia, na namba 116 ya watoto inapatikana Kenya na Tanzania. Mtoto akikuambia kwamba anachezewa mwilini na mtu wa nyumbani, hiyo si kesi ya kumaliza kifamilia, hata ukoo mzima ukikupigia magoti. Mtu akitamka kwamba hataki kuishi, muulize waziwazi kama amefikiria kujiua, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kwa wanandoa wa Tanzania waliofika kwenye talaka, ujue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri lipitie kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, nalo hutoa hati endapo limeshindwa kuwapatanisha. Kikao chako hakichukui nafasi ya baraza hilo. Waambie mapema, wasije wakapoteza muda.

Ukirudi

Rudi baada ya wiki mbili hivi. Usirudi kukagua kama wametii. Muulize kila mmoja, na uanze na yule ambaye mara ya kwanza alikuwa mshtakiwa, ni siku ipi tangu mlipoachana nyumba ilikuwa na nafuu hata kidogo, na nani alifanya nini siku hiyo. Watakuambia kwamba Jumapili baba alimwita kijana wakatazama mpira, au kwamba mama mkwe alimpelekea mkwewe mchele bila kusema neno. Kaa hapo, uliza zaidi, muda mrefu kuliko mlivyokaa kwenye ugomvi. Wafanye waliotenda wasikie kwamba walionekana.

Kama hakuna siku hata moja, usiwalaumu, wala usijilaumu. Waambie ukweli kwamba jambo hili linahitaji mikono zaidi ya yako, kisha nenda nao wewe mwenyewe mpaka kwa afisa ustawi, kliniki ya afya ya akili, au mshauri nasaha wa hospitali ya wilaya. Keti nao kwenye benchi mpaka waitwe, na umtambulishe kwa mshauri mpya yule aliyekuwa mgumu kuja, kwa kutaja jambo jema unalolijua juu yake.